Kodi ya Usiku: Namna ya Kupanga Bajeti ya Likizo ya Kisiwani Ukiwa Nairobi

Familia ya Nairobi inayotaka kwenda kisiwani wakati wa likizo ya Desemba, iwe ni Lamu, Unguja, Mauritius au Maldives, kwa kawaida huanza kwa maswali mawili: nauli ni ngapi, na chumba ni pesa ngapi kwa usiku. Maswali hayo yalitosha zamani. Siku hizi kuna la tatu, ambalo likisahauliwa huharibu hesabu ya yale mawili ya kwanza, nalo ni hili: kodi ya malazi huko tunakokwenda inahesabiwaje?

Mimi nilifunzwa swali hilo na safari yenyewe. Tulifika katika kisiwa kimoja cha ukanda wetu na watoto watatu, malazi yote yakiwa yamelipwa kupitia wakala hapa Nairobi. Kijana wa mapokezi alitukaribisha vizuri, akatuletea madafu, kisha akasema kwa upole, "Samahani mzee wangu, imebaki kodi ya serikali, ni kwa kila mtu kwa kila usiku, na tunaipokea kwa dola taslimu." Tulikuwa watu watano na usiku sita. Kodi ilikuwa halali na kijana hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la wakala ambaye hakuitaja popote katika karatasi alizotupa. Pesa tulizolipa pale mezani zilitoka katika fungu la safari ya mashua tuliyokuwa tumewaahidi watoto, na kwa hiyo nahodha ambaye angetubeba asubuhi iliyofuata ndiye aliyebeba kodi yetu bila kujua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikipanga bajeti za likizo, zangu na za jamaa na marafiki wanaoniomba msaada, kwa utaratibu ambao nitaueleza hapa, nikitumia hesabu za familia ya watu wanne: baba, mama, mtoto wa miaka 13 na mtoto wa miaka 9.

Kwanza, jua kodi inahesabiwa kwa kitu gani

Watu wengi husikia kwamba kodi imepanda na kuuliza imepanda kwa asilimia ngapi. Swali lenye faida zaidi ni kodi hiyo inashika nini, kwa sababu kodi mbili zinazoonekana kulingana zinaweza kuigusa familia moja kwa njia tofauti kabisa.

Kuna kodi inayotozwa kama asilimia ya bei ya chumba, na hiyo humfuata anayelala ghali. Kuna inayotozwa kwa kichwa kwa kila usiku, na hiyo humfuata mwenye watoto wengi, bila kujali kama chumba chake ni cha bei ya juu au ya chini. Kuna inayotozwa kwa chumba kwa kila usiku: katika Ugiriki, kwa mfano, ada ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi iliyoanza 2024 na kupandishwa 2025 ni yuro 2 kwa chumba cha hoteli ya nyota moja au mbili na yuro 15 kwa chumba cha nyota tano, kuanzia Aprili hadi Oktoba, kwa hiyo watu wanne wanaolala chumba kimoja hulipa sawa na mtu anayelala peke yake. Mwisho kuna malipo ya mara moja kwa safari nzima, kama vile rupia 150,000 ambazo kisiwa cha Bali kimekuwa kikimtoza mgeni kutoka nje ya Indonesia tangu tarehe 14 Februari 2024. Malipo ya namna hii humuumiza anayekaa siku mbili na hayaonekani kwa anayekaa wiki tatu.

Andika katika daftari lako ni ipi kati ya hizi inayotumika mahali unapokwenda. Mara nyingi utakuta ni mbili au tatu kwa pamoja.

Hapa nyumbani: Lamu, Wasini na Mombasa

Kwa Mkenya anayelala katika hoteli yenye leseni hapa nchini, kodi ni mbili. Ya kwanza ni VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, na ya pili ni ushuru wa utalii wa asilimia 2, ambao hoteli huukusanya na kuuwasilisha kwa Mfuko wa Utalii. Viwango hivyo havitofautiani kati ya hoteli ya katikati ya Nairobi na nyumba ya wageni ya Shela kisiwani Lamu, na jambo hilo huwashangaza wanaodhani kwamba kisiwani kuna kodi yake ya peke yake.

Hoteli nyingi za Kenya hutangaza bei ambayo tayari ina kodi, lakini baadhi ya nyumba na baadhi ya mitandao ya kuhifadhi vyumba hutangaza bei tupu. Hapa ndipo hesabu hupotoka. Chumba cha shilingi 10,000 bila kodi huwa shilingi 11,800 kodi zikiingia: 1,600 za VAT na 200 za utalii. Lakini ukiwa na bei ya 11,800 na ungependa kujua bei tupu ili uilinganishe na hoteli nyingine, usiondoe asilimia 18, kwa maana utapata 9,676, ambayo si kweli. Gawa kwa 1.18, nawe utarudi kwenye 10,000. Nimewaona watu wazima wenye elimu ya juu wakichagua hoteli isiyo sahihi kwa sababu ya kosa hilo moja, kwa hiyo lifanyie mazoezi kwenye simu yako kabla ya kulinganisha chochote.

Ada ya huduma si kodi. Ni fedha za wafanyakazi, na sheria ya VAT haiihesabu katika thamani inayotozwa kodi iwapo haizidi asilimia 10 ya bei na inagawiwa wafanyakazi moja kwa moja. Uliza kama ipo ndani ya bei au iko nje, kwa kuwa asilimia 10 ya malazi ya wiki nzima si pesa ndogo, halafu ilipe kwa moyo mweupe.

Ushuru ule wa asilimia 2 una historia ambayo msafiri anafaa kuijua. Ulianza mwaka wa 1972 kama ushuru wa hoteli na mikahawa, na leo unasimamiwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Ni fedha zinazosaidia kuendesha Chuo cha Utalii cha Kenya, kile kilicho kando ya barabara ya Thika, ambacho kimekuwa kikiwafunza wapishi, wahudumu na mameneja tangu 1975. Shilingi 200 katika kila 10,000 si nyingi zinapojulikana zinakwenda wapi.

Nauli haihitaji maneno mengi. Gari la moshi la Madaraka kutoka Syokimau hadi Mombasa limekuwa shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza tangu Januari 2024, na kwa ndege za ndani ada ya abiria ya shilingi 600 huwa imeshaingizwa katika tiketi. Anayeruka kwenda Lamu akumbuke kwamba uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda, kwa hiyo kuna mashua ya kuvuka, kwenda na kurudi, ambayo haimo katika tiketi wala katika bei ya chumba.

Maldives, mahali pa kujifunzia hesabu yote

Hata kama huna nia ya kwenda Maldives, fanya hesabu yake mara moja, kwa sababu ina karibu kila aina ya tozo niliyoitaja, na ukiielewa hiyo hakuna kisiwa kitakachokushangaza.

Huko kuna kodi ya bidhaa na huduma za utalii, ambayo ilikuwa asilimia 12 hadi mwisho wa 2022, ikawa 16 tarehe 1 Januari 2023, kisha 17 tarehe 1 Julai 2025. Juu yake kuna kodi ya kijani kwa kila mgeni kwa kila siku. Kodi hiyo ilianza Novemba 2015 kwa dola 6 katika hoteli za kifahari, na tangu tarehe 1 Januari 2025 ni dola 12 katika hoteli hizo na dola 6 katika nyumba ndogo za wageni zilizo kwenye visiwa wanakoishi wenyeji. Vilevile ada ya huduma ya asilimia 10 ni kawaida, na ile asilimia 17 hukokotolewa baada ya ada hiyo kuongezwa.

Chukua chumba cha nyumba ya wageni kilichotangazwa kwa dola 150. Ongeza ada ya huduma, dola 15, unapata 165. Asilimia 17 ya 165 ni dola 28.05, jumla 193.05. Kodi ya kijani kwa watu wanne ni dola 24, na sasa usiku mmoja ni dola 217.05. Usiku tano ni dola 1,085.25, ilhali kichwani ulikuwa na dola 750. Tofauti ni dola 335.25, ambazo kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola ni takriban shilingi 43,600. Katika familia nyingi za Nairobi, fedha hizo ni karo ya mtoto mmoja.

Sasa rudia hesabu kwa chumba cha bei nafuu, dola 60. Ada ya huduma inakufikisha 66, kodi ya asilimia 17 inaongeza 11.22, na kodi ya kijani ni ileile dola 24. Jumla ni dola 101.22, yaani bei imepanda kwa karibu asilimia 69. Halafu chukua chumba cha dola 400 katika hoteli ya kifahari: 440, kisha 514.80, kisha dola 48 za kodi ya kijani kwa watu wanne, jumla 562.80. Huyu aliyelala katika anasa bei yake imepanda kwa asilimia 41 hivi.

Soma tena hesabu hizo mbili, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jambo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu. Kodi ya kichwa, hata ikipunguzwa nusu kwa nyumba ndogo kama walivyofanya, humwelemea anayelala nafuu na mwenye watoto kuliko anayelala ghali. Nyumba hizo za wageni ziliruhusiwa kwenye visiwa vya wenyeji kuanzia 2009 ili mwananchi wa kawaida naye apate riziki ya utalii, baada ya miaka mingi ya biashara hiyo kufanyika katika visiwa vya hoteli peke yake. Kwa hiyo mgeni anayekimbia kodi hiyo na kwenda kwingine humkimbia hasa mwenye vyumba vitano, ambaye mkewe ndiye anayepika samaki wa jioni. Ningekuwa mshauri wa serikali yoyote ya kisiwa, ningeomba watoto wote wa shule wasamehewe kodi ya kichwa.

Visiwa vingine vilivyo karibu nasi

Ushelisheli na Mauritius zimefanya jambo linalokaribia ombi hilo. Ushelisheli ilianza tarehe 1 Agosti 2023 kutoza ada ya mazingira kwa mgeni kwa usiku: rupia 25 katika malazi madogo, 75 katika ya kati na 100 katika makubwa, na watoto walio chini ya miaka 12 hawalipi. Kwa familia yetu ya mfano, mtoto wa miaka 9 anasamehewa lakini yule wa 13 analipa, kwa hiyo watu watatu kwa usiku tano ni rupia 375 katika nyumba ndogo na 1,500 katika hoteli kubwa. Mauritius nayo, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, inatoza yuro 3 kwa usiku kwa mgeni aliyefikisha miaka 12. Watu watatu kwa wiki moja ni yuro 63. Kwa hiyo beba umri kamili wa kila mtoto, kama ulivyo katika pasipoti, unapoomba bei. Mtoto anayetimiza miaka 12 katikati ya Desemba anaweza kubadilisha hesabu.

Unguja na Pemba ni jirani, na Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini usiiweke Zanzibar katika fungu moja na safari za ndani. Hoteli hutoza kodi ya miundombinu kwa kila mtu kwa kila usiku. Kwa muda mrefu ilikuwa dola 1 tu, na ndiyo maana wengi bado wanakuja na kiwango hicho kichwani. Omba kiwango cha sasa kwa maandishi kutoka hoteli yenyewe. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kuna pia bima ya lazima ya dola 44 kwa wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar, inayouzwa na Shirika la Bima la Zanzibar, nayo inadumu siku 92. Kwa familia kubwa inayokwenda kwa siku tatu pekee, malipo ya aina hii yana uzito kuliko kodi ya usiku. Soma masharti ya bima hiyo kwa pasipoti ya nchi yako kabla ya kukata tiketi.

Hawaii iko mbali nasi na wachache watakwenda, ila inatoa funzo moja zuri kuhusu habari za kodi zinavyosomwa. Sheria iliyotiwa saini na Gavana Josh Green mwaka wa 2025, miaka miwili baada ya moto ulioteketeza Lahaina, ilipandisha kodi ya malazi ya jimbo kutoka asilimia 10.25 hadi 11 kuanzia tarehe 1 Januari 2026, ili fedha zitumike kulinda mazingira na kukabiliana na majanga. Ongezeko hilo kwa malazi ya dola 2,100 ni dola 15.75 tu. Lakini kodi hiyo ilianza 1987 ikiwa asilimia 5, wilaya zinaongeza asilimia 3 zao, na kuna kodi ya mauzo juu yake, kiasi kwamba katika kisiwa cha Oahu jumla inakaribia asilimia 19, yaani dola 390 na ushei kwa malazi hayohayo. Habari hutangaza ongezeko. Mfuko wako hulipa jumla.

Kalenda ya Juni na Julai

Mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai. Wa Tanzania pia, na Zanzibar, na Mauritius. Bajeti husomwa Juni, mswada hupitishwa, na viwango vipya huanza kutozwa ukiwa umeshalipa arubuni ya chumba ulichokihifadhi mwezi wa Mei. Kodi nyingi za usiku huhesabiwa kwa tarehe uliyolala, si kwa tarehe uliyohifadhi, kwa hiyo kulipa mapema hakukukingi.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Nikihifadhi chumba kabla ya Julai kwa ajili ya Desemba, ninaandika katika kalenda ya simu kuiuliza hoteli tena wiki ya pili ya Julai kama kuna lolote lililobadilika, na mara ya mwisho wiki mbili kabla ya safari. Barua yangu ni fupi, nawe unaweza kuitumia jinsi ilivyo:

"Habari za leo. Tunatarajia kufika kwenu tarehe fulani, watu wazima wawili na watoto wawili, wa miaka 13 na miaka 9, kwa usiku tano. Naomba bei kamili ya chumba kimoja, ikionyesha kodi zote, ada ya huduma, na malipo yoyote yatakayodaiwa tukifika. Naomba pia kujua malipo hayo hupokelewa kwa sarafu gani, na kama kadi inakubaliwa. Asante sana."

Hoteli inayojibu swali hilo kwa tarakimu ni hoteli ya kuaminika. Inayojibu kwamba nisiwe na wasiwasi, mambo yatakuwa sawa, mimi huiacha.

Dola na shilingi

Kodi nyingi za visiwa zimewekwa kwa dola au yuro, na mshahara wetu ni wa shilingi. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kufikia nusu ya pili ya mwaka huohuo ilikuwa imeteremka hadi karibu 129. Kodi ya kijani ya familia ya watu wanne kwa usiku tano katika hoteli ya kifahari ya Maldives, dola 240, ingekuwa shilingi 38,400 kwa kiwango cha kwanza na 30,960 kwa cha pili. Ndiyo sababu ninapendekeza fungu la kodi linunuliwe mapema kwa sarafu litakalolipwa, kidogo kidogo kila mwezi, hasa kwa wanaoweka akiba kupitia chama. Chama chetu kimoja kilikubaliana kwamba mchango wa miezi miwili ya kwanza ni wa kodi na ada peke yake, na hakuna anayeugusa kwa ajili ya nguo za kuogelea.

Beba noti ndogo. Mapokezi ya kisiwani mara nyingi hayana chenji ya noti ya dola 100, na noti zilizochakaa au za zamani hukataliwa.

Kinachofaa kupunguzwa, na kisichofaa

Ukiisha kupata jumla ya kweli, huenda ikazidi fungu ulilonalo. Hapo ndipo familia nyingi hufanya uamuzi wa haraka: wanashikilia idadi ya usiku, kwa kuwa imeshatangazwa kwa watoto, kisha wanafuta safari ya mashua, mwongozaji wa mji mkongwe, chakula cha jioni kwa mama lishe wa ufukweni na zawadi za kununua sokoni. Ninaomba usifanye hivyo, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya hesabu. Katika mfano wa chumba cha dola 150, kodi ya kijani yote ya usiku tano ilikuwa dola 120, lakini usiku mmoja mzima uligharimu dola 217.05. Ukilala usiku nne badala ya tano umerudisha kodi yote hiyo na kubakiwa na karibu dola 97 za mashua na mwongozaji. Siku nne zenye bahari ndani yake ni bora kuliko siku tano za kukaa kando ya bwawa mkihesabu chupa za maji.

Ya pili ni ya watu wa kisiwani. Kodi hukatwa katika kitanda, lakini upungufu wake huangukia wasiomiliki kitanda. Hoteli hupata chumba chake, serikali hupata tozo yake, na anayekosa ni nahodha, mvuvi, muuza vitenge na kijana anayejua historia ya kila mlango wa mji. Kodi ikiwekwa bila kufikiria hilo, huleta hasira ambayo huigeukia kodi yenyewe: visiwa vya Balearic vya Uhispania vilianzisha kodi ya mazingira 2002, vikaifuta 2003 serikali ilipobadilika, na vikairudisha 2016, safari hii ikiwa na punguzo la nusu kuanzia siku ya tisa ya kukaa katika malazi yaleyale, ili anayekaa muda mrefu asiadhibiwe.

Sisemi haya kuzipinga kodi hizo. Kisiwa ni mahali padogo penye mahitaji ya bara. Zanzibar ilihesabu watu 1,889,773 katika sensa ya 2022, na mwaka wa 2024 ilipokea wageni zaidi ya 700,000, ambao wote walioga, wakatumia choo na kuacha taka. Maldives imelazimika kutenga kisiwa kizima, Thilafushi, kwa ajili ya taka. Huko Lamu maji matamu ya mji hutoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, mchanga uleule unaowavutia wajenzi wa nyumba za kifahari, na kila mgeni anayefungua bomba asubuhi anakunywa kutoka humo. Mji Mkongwe wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, lakini orodha haifagii barabara wala haizibi mfereji. Kazi hiyo inahitaji fedha, na ni haki mgeni achangie. Ninachodai ni kwamba mchango huo utajwe waziwazi siku ya kuuza chumba, usitolewe mezani mgeni akiwa amechoka na watoto wanalia njaa.

Kwa sababu hiyohiyo, ukipata mwenye nyumba anayekupa bei ya chini kwa sharti kwamba ulipe taslimu na usidai risiti, kataa. Hapa Kenya risiti halali ya biashara ni ile iliyotolewa kupitia eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa ankara wa mamlaka ya kodi. Nyumba isiyoitoa haichangii maji unayoyaoga, na jirani yake anayelipa kodi ndiye anayepoteza wateja.

Siku ya kuondoka

Omba ankara jioni ya kuamkia safari, si asubuhi mashua ikiwa inasubiri. Kaa nayo mahali penye mwanga, uilinganishe na ile barua uliyojibiwa: bei ya chumba, ada ya huduma, kila kodi kwa jina lake, idadi ya watu, umri wa watoto, idadi ya usiku. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtoto aliyesamehewa kisheria kuhesabiwa kama mtu mzima, na la pili ni kodi iliyolipwa Nairobi kupitia wakala kudaiwa tena kisiwani. Yote mawili hurekebishwa kwa dakika tano ukiwa na karatasi mkononi na ukizungumza kwa adabu.

Ukifika Nairobi, piga picha ankara hiyo na uihifadhi pamoja na tarehe na kiwango cha dola cha siku uliyolipa. Mwaka unaofuata, jirani au shemeji atakapokuuliza likizo ya kule iligharimu kiasi gani, mpe tarakimu zote mbili, ile iliyotangazwa na ile uliyolipa, na umtajie jina la nahodha aliyewavusha.